Msimu wa Wanazuoni wa Bahari

Katika zama ambazo tanga ndilo lililokuwa mtambo wa pekee wa kuvusha watu bahari, mtu wa Sur au wa Kachi aliyefika Unguja kwa kaskazi hakuweza kurejea kwao kesho yake, hata kama haja iliyomleta ilimalizika kwa siku moja, kwani upepo uliomleta haukuwa upepo wa kumrudisha, na ilimlazimu angoje, mwezi baada ya mwezi, mpaka kusi ianze kuvuma. Na katika kungoja huko akapanga chumba, akasikia kwa manahodha wenziwe habari za bandari asizozijua, akajifunza lugha, akakopa na kukopesha, na aghalabu akaoa. Mimi ni mtu wa elimu ya bahari, na kwa miaka mingi nimekuwa mwandishi wa kamati za mikutano, mikubwa kwa midogo. Na kadiri nilivyozidi kuifanya kazi hiyo ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba jumuiya ya wanazuoni wa eneo pana kama letu haina jukumu zito kuliko kuutengeneza, kwa fedha na kwa tadbiri, ule muda wa kungojana ambao zamani upepo uliutoa bure. Siku hizi ndege humleta mtaalamu Jumatatu usiku na kumwondoa Jumatano alfajiri, na baina ya siku hizo amesoma mada yake, ametia saini daftari la posho, na hakujuana na mtu.

Neno lenyewe lina ushahidi ndani yake. Msimu tumelipokea kwa Waarabu, ambao kwao ni wakati uliotiwa alama katika mwaka, na vilevile ni mkusanyiko unaokuja na wakati huo, kama vile soko la mwaka au hija. Wareno wakalisikia kwa mabaharia, na kupitia kwao likaingia katika Kiingereza likawa ndilo jina la pepo zetu. Wakati, upepo na mkutano vilikuwa vimefungwa katika neno moja kabla hapajatokea kamati hata moja ya kuviunganisha.

Jumuiya ninayoifikiria zaidi katika makala haya ni ile ya wanasayansi wa bahari wa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ijulikanayo kwa herufi zake WIOMSA, iliyoasisiwa mwaka 1993 na yenye makao yake Unguja. Mipaka yake yaanzia Somalia, ikashuka Kenya, Tanzania na Msumbiji hadi Afrika Kusini, kisha ikavuka maji kwenda Komoro, Bukini ambayo sasa twaiita Madagaska, Shelisheli, Morisi na Réunion iliyo sehemu ya Ufaransa. Ndani ya duara hilo mna Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu, mna Kiswahili na ndugu zake wa Ngazija, wa Barawa na wa visiwa vya kaskazini ya Msumbiji, mna sheria za namna nne au tano, na fedha zisizokubalika nje ya mipaka yake. Kitu kimoja tu ndicho kilicho shirika kwa wote, nacho ni maji.

Wanachama wake ni watu, si serikali, na jambo hili lililo dogo katika katiba ni kubwa katika taathira yake. Kabla yake utafiti wa bahari wa Afrika Mashariki ulikuwa na taasisi moja ya pamoja, yenye makao papo hapo Unguja, ambayo ilirithiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikajijengea nyumba yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar mwaka 1978, Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, na Tanzania ikaunda ya uvuvi mwaka 1980. Nyumba hizo ni njema na zimefanya kazi ya kusifiwa, lakini mkondo wa maji unaopanda kutoka pwani ya Tanzania kwenda pwani ya Kenya haukupewa nakala ya hati ya kuvunja Jumuiya, ukaendelea kuchukua mayai na vijana wa samaki kutoka upande mmoja hadi wa pili, ilhali mwenye kuwahesabu huku hakuwa na njia ya kawaida ya kumwuliza mwenye kuwahesabu kule. Serikali zikigombana, jumuiya ya serikali hufa. Lakini mtu wa Mombasa na mtu wa Tanga wenye kuandikiana barua hawafi kwa sababu hiyo.

Mwenye kutaka kujua hasara ya kukosa jumuiya ya namna hii na asome kisa cha silakanti. Mwezi wa Desemba 1938, katika bandari ya East London ya Afrika Kusini, mtunza makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer aliona katika samaki walioletwa na chombo cha kukokota nyavu samaki mmoja wa rangi ya buluu, mwenye mapezi yaliyosimama juu ya vikonyo kama viungo, naye J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia wa Grahamstown aliyekuwa na mapenzi makubwa ya samaki, akamtambua kuwa ni wa kabila lililodhaniwa kuwa limetoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Matumbo ya samaki yule yalikuwa yamekwisha tupwa kwa kuoza, ikawa hapana budi kumpata wa pili. Smith akapiga chapa karatasi yenye picha, yenye ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaisambaza katika mwambao. Akangoja miaka 14.

Mwaka 1952 yeye na mkewe Margaret walikuwa Unguja, na huko wakakutana na nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara baina ya Unguja na Komoro, akachukua karatasi zile. Desemba ya mwaka huo mvuvi Ahamadi Abdallah wa Nzuwani akavua samaki mmoja mkubwa usiku. Mwalimu wa skuli aliyekuwa amekwisha iona ile picha akamzuia asimkate vipande, samaki akachukuliwa mpaka kwa Hunt huko Mutsamudu, simu ya maandishi ikapelekwa, na Waziri Mkuu Malan wa Afrika Kusini akatoa ndege ya jeshi ili Smith akamchukue. Wakomoro hawakustaajabu. Samaki huyo walikuwa wakimvua mara kwa mara na wakimwita gombessa.

Mimi kila nikikisoma kisa hiki huwa sikitazami kwa upande wa samaki. Nahesabu miaka 14, nahesabu lugha tatu za ile karatasi ambazo hata moja haikuwa lugha ya mvuvi, na natazama ni viungo gani vilivyokosekana hata Hunt alipotokea: mtu mwenye kusafiri, mtu mwenye kusoma, na mtu mwenye kuvua, wakiwa wamekutanishwa kwa bahati bandarini. Lau mwalimu mmoja wa Nzuwani angalikaa meza moja na Smith mwaka 1939 wakinywa chai, mas'ala yale yangekwisha kabla sukari haijayeyuka.

Fikra ya kuwakutanisha wanasayansi katika mji unaobadilika kila mara si yetu, wala si ngeni. Lorenz Oken aliwaita wataalamu wa Kijerumani mjini Leipzig mwaka 1822, wakati ambapo hapakuwa na dola moja ya Ujerumani, bali milki nyingi zenye kushukiana, na ikawa kanuni kwamba kila mwaka wahamie mji mwingine. Waingereza wakaiga mwaka 1831, wakaanzia York, na mwaka 1905 chama chao kikapiga safari mpaka Afrika Kusini, ambako rais wao, George Darwin, mtoto wa Charles Darwin, alilifungua daraja la reli la mto Zambezi karibu na maporomoko. Oken nampenda kwa sababu alijua kwamba mkutano ukikaa mahali pamoja hugeuka mali ya mahali hapo, na mji usiofikiwa na mkutano huhesabu sayansi kuwa jambo la watu wengine. Mkutano wa WIOMSA, ambao hufanywa kila baada ya miaka miwili, umefuata nyayo hizo hizo: Mombasa mwaka 2011, Maputo 2013, pwani ya Wild Coast huko Afrika Kusini 2015, Dar es Salaam 2017, Morisi 2019, kisha maradhi ya UVIKO yakausukuma wa 2021 hadi 2022 ukafanyika Gqeberha, na mwaka 2025 ukarejea Mombasa.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kuchagua siku, na asiyeijua bahari hudhani kwamba ni kutazama kalenda iliyotundikwa ukutani, kumbe mtafiti wa bahari ana kalenda tatu zinazogombana. Moja ni ya upepo: kusi ikikaza, tangu Mei hata Agosti, maji huchafuka na mzamiaji haoni mbele ya mkono wake, hivyo mtu angesema watu na wakutane wakati huo kwa kuwa hawana kazi majini, kama isingalikuwa kwamba huo ndio wakati ambao vyuo vingi vimezama katika mitihani na kusahihisha, na zikija siku za maleleji, upepo unapobadilika na bahari ikatulia, kila mtu hutaka kuwa chomboni, lakini ndipo mikutano mingi ya jumuiya ile ilipoangukia, katika Oktoba, kwa sababu maelewano baina ya mitihani na bahari hayana siku nyingine. Kalenda ya pili ni ya dini, kwani Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu, na kamati inayopanga leo mkutano wa miaka miwili ijayo ikisahau kuhesabu hutukia ikawaandalia chakula cha mchana watu waliofunga.

Ya tatu ni ya mwezi wa mbinguni. Katika bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya Unguja na Mombasa hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita nne, na kupwa kwake kukubwa kwa mchana huangukia karibu na saa nne asubuhi, wakati ambao miamba na majani ya bahari hujifunua yote. Huo ndio wakati wa kazi wa kila mtu mwenye kusoma viumbe wa ufukweni. Mkutano ukiwekwa katika bamvua, huwanyima watu hao wiki yao bora ya mwezi. Ukiwekwa katika maji mafu, ile safari ya kuwatembeza wageni mwambani, ambayo kila kamati huiahidi katika tangazo lake, itawakuta wamesimama ufukweni wakitazama maji yaliyokataa kuondoka. Nimeyaona yote mawili. Shauri langu ni kuanza mkutano maji yakiwa mafu na kuumaliza bamvua ikikaribia, na kuiweka safari siku ya mwisho. Lakini shauri hilo halijapata kukubaliwa na mwenye hoteli hata mmoja, kwani hoteli zina kalenda yao ya nne, ya watalii, ambayo haijali mwezi.

Baada ya siku huja mahali, na juu ya mahali swali la kwanza ni nani ataruhusiwa kuingia, la ukumbi ni baadaye. Januari ya 1947 Louis Leakey aliwakusanya Nairobi wataalamu wa mambo ya kale ya Afrika katika kongamano lao la kwanza la bara zima, chini ya urais wa padre Mfaransa Henri Breuil, akawapeleka Olorgesailie wakaone mashoka ya mawe yaliyolala juu ya ardhi pale pale yalipoachwa. Wakaazimia kukutana mara ya pili Afrika Kusini mwaka 1951. Katikati hapo, mwaka 1948, chama cha Malan kikashika madaraka, mwaliko ukaondolewa, na kongamano la pili likafanywa Algiers mwaka 1952. Hebu itafakari tarehe hiyo kando ya kisa nilichokisimulia: katika mwaka mmoja, serikali iliyokuwa imewafungia mlango wanazuoni walio hai ilitoa ndege ya jeshi kumchukua samaki mfu wa Komoro, naye akaingia bila ya kuulizwa chochote.

Mambo ya viza siku hizi yamelainika kwa baadhi yetu na kukakamaa kwa wengine, na katibu mwenye busara huanza barua za mwaliko miezi sita kabla, si mitatu, tena huziandika kwa muhuri na sahihi ya wino, kwa sababu dirishani wino una hadhi kuliko ukweli. Namkumbuka kijana mmoja, mwanafunzi wa shahada ya pili, aliyepewa viza yake asubuhi ya siku ya kufunga mkutano. Bango lake lilikuwa limetangulia katika sanduku la mwenziwe, likatundikwa, watu wakalisoma, na mmoja wetu akabandika chini yake bahasha ya khaki ambamo kila msomaji alitia swali lake. Tukampelekea vikaratasi 19 kwa posta. Aliniambia baadaye kwamba lau angalikuja mwenyewe asingalipata maswali hata matano, kwa kuwa watu huona haya kumwuliza mtu usoni. Naye hakukosea, na tangu hapo bahasha nimeifanya kuwa ada, hata mwenye bango akiwapo.

Kisha safari yenyewe. Mtu wa Toliara, ambako kuna taasisi mashuhuri ya uvuvi na sayansi za bahari, sharti apande kwanza mpaka Antananarivo, nyanda za juu kabisa mbali na bahari, ndipo atafute njia ya kulifikia bara. Na ndege za visiwani huenda siku maalumu za wiki, kwa hiyo asiyewahi ya Alhamisi hungoja mpaka Jumapili. Wanaohesabu gharama huiona hali hii kuwa msiba. Mimi, kwa siri, huiona kuwa kusi iliyorudi: wale wanaolazimika kubaki siku mbili zaidi ndio ambao miaka mitatu baadaye huona majina yao yamekaa pamoja juu ya makala moja.

Fedha sitaieleza kwa urefu, maana kila chama kinaijua. Ada ya uanachama haitoshi hata kulipia ukumbi wa siku moja, na lau ingepandishwa ikatosha, wanafunzi na watu wa taasisi maskini wangetoka, na chama kikabaki cha wenye nacho. Kwa hiyo hapana budi awepo mfadhili, na kwa eneo letu Sida ya Sweden imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Mfadhili mwema hana lawama, ila ana mwaka wake wa hesabu, ambao haulingani na msimu wowote wa huku, na ana maneno yake ya mwaka huo, ambayo ghafla huonekana katika vichwa vya mada za watu waliokuwa wakisoma kaa wa mikokoni bila ya maneno hayo. Mweka hazina anayestahili jina lake ni yule anayeweka akiba ndogo isiyo ya mfadhili, japo ya kulipia tikiti tano za wanafunzi, ili siku ambayo barua ya huzuni ikifika kutoka ng'ambo, mkutano upungue lakini usife.

Tuje katika ikhtisari. Miezi mingi kabla ya mkutano hutolewa wito, na kila mwenye jambo la kusema huandika muhtasari wa maneno kama 250 au 300, unaopelekwa kwa wataalamu wawili wasioambiana, watoe rai yao: akubaliwe kusema, apewe bango, au aambiwe arudi mwaka mwingine. Hapa ndipo hesabu inapobana. Kila msemaji hupewa dakika 15, 12 za kusema na tatu za kuulizwa; ukumbi mmoja wenye saa sita za kazi hubeba wasemaji 24 kwa siku, na kwa siku nne 96. Zikifika ikhtisari 400, yatakiwa kumbi zaidi ya nne zinazoendelea kwa wakati mmoja, maana yake ni kwamba kila mwenye kuhudhuria hukosa robo tatu na zaidi ya mkutano aliousafiria. Wako wanaodhani dawa yake ni kupunguza dakika. Mimi ni wa madhehebu ya mabango, na sioni kwa nini bango limechukuliwa kuwa daraja ya chini, hali mwenye bango husimama saa nzima mbele ya watu waliokuja kwa hiari yao, wakati mwenye jukwaa huzungumza dakika 12 gizani na watu ambao nusu yao wanatafuta mada yao wenyewe katika ratiba.

Ratiba hiyo, iliyotungwa kwa wiki mbili za kukosa usingizi, huvunjika siku ya kwanza saa tatu asubuhi kwa sababu ya mgeni rasmi. Sisemi hivi kwa dharau, kwani mkutano wa elimu katika nchi zetu unahitaji heshima ya dola kama vile nyumba inavyohitaji mlango wa mbele. Lakini mgeni rasmi akichelewa kwa saa moja na nusu, kisha wakasimama wasemaji sita wa kumkaribisha, kila mmoja akianza kwa kuwataja wakubwa wote waliohudhuria mpaka atokee mwenye huruma wa kusema kwamba itifaki imezingatiwa, wasemaji 24 wa ukumbi ule huwa tayari wamepoteza nafasi zao. Nilijifunza kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa katibu kabla yangu kwamba asubuhi ya ufunguzi isipewe mada hata moja: iachwe wazi, iandikwe sherehe, na mada zianze baada ya adhuhuri. Akiwahi mgeni, watu hupata asubuhi nzima ya kukaa bila ya kazi, jambo ambalo ndilo nililotaka tangu mwanzo.

Chai ya saa nne ndiyo kiini cha fani hii, na kamati nyingi huikabidhi kwa mwenye hoteli bila ya kufikiri. Ikiwa ya dakika 30 haitoshi, kwani 10 za kwanza hupotea katika foleni. Iwe ya dakika 45, na iwekwe penye mabango, si katika ukumbi mwingine, na birika ziwe nne katika pembe nne, ili watu wasambae. Viti viwe vichache, mtu asijifiche. Kuna hoteli moja, ambayo sitaitaja, iliyotuwekea chai nje katika bustani nzuri isiyo na kivuli, na kwa siku tatu wanazuoni 200 walisimama wakiambatana na ukuta mmoja kama samaki waliojificha nyuma ya mwamba, kila mtu karibu na aliyekuja naye.

Na lugha je? Kiingereza kimetawala jukwaa, na sioni kitakavyoondolewa kwa karibu, kwa sababu mkalimani wa sayansi ni ghali na wa sayansi kwa Kireno ni ghali zaidi. Lakini mwenyekiti wa kikao anaweza kumruhusu mtu wa Maputo aulize kwa Kireno na jirani yake akamfasiria, na hakuna katiba inayokataza. Katika kikao kimoja cha uvuvi mdogo waliletwa wavuvi wanne, wawili kutoka kusini ya Kenya, mmoja wa Pemba na mmoja wa Ngazija, wakakaa nyuma kwa adabu huku mtafiti akitaja samaki wake kwa majina ya Kilatini, hata picha ya chewa ilipotokea ukutani, mzee wa Pemba akasema kwa sauti kwamba huyo wa kulia si wa aina tofauti na wa kushoto, bali wa kushoto ni jike na wa kulia ni yeye yule alipokwisha kuwa dume. Chewa wengi huanza maisha yao wakiwa majike, na wakikua wakubwa baadhi yao hugeuka madume. Jambo hilo limo vitabuni, lakini mtafiti alikuwa ameziandika picha zake mbili katika safu mbili za jedwali. Mzee na mgeni wa Ngazija waliendelea na mazungumzo hayo mpaka chakula cha jioni, kila mmoja kwa Kiswahili cha kwao, wakisikilizana maneno saba katika 10, na mtafiti akiwa katikati na daftari yake.

Mkutano ukiisha, kazi ya katibu huwa imefika nusu. Ziko mada za kuchaguliwa na kuhimizwa ziwe makala za jarida, nalo jarida la jumuiya ile, linalotoka tangu mwaka 2002, lina mhariri asiyesamehe tarakimu iliyokosewa. Ziko stakabadhi za kupelekwa kwa mfadhili, orodha ya anwani isahihishwe kwa kuwa mtu mmoja katika kila watano amehama taasisi, na kisanduku cha beji zilizosahauliwa mezani, ambazo mimi huzihifadhi kwa kuwa majina yaliyokosewa herufi yanahitaji kuandikwa vyema safari ijayo. Jioni ya siku watu walipoondoka mara ya mwisho nilibaki ukumbini na mafundi waliokuwa wakikunja nyaya za vipaza sauti, nikafungua jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari tutakayokwenda miaka miwili ijayo, nikaweka alama ya penseli penye maji mafu ya Oktoba. Kisha nikaanza barua ya kwanza kwa rafiki wa Toliara, kumwomba aulize ndege ya Alhamisi kama ingali ikienda.